Mtu mmoja, mamba mmoja: je, filamu itasimama?

*"Habari Mwalimu. Mimi ni kijana wa Walukuba, Jinja. Niliona The Shallows kwenye kibanda cha video, ile ya msichana aliyekwama juu ya mwamba huku papa anamzunguka. Karibu filamu nzima ni yeye peke yake, na hakuna mtu aliyetoka. Tangu siku hiyo nataka kutengeneza ya kwetu hapa Ziwa Viktoria: mchuuzi wa mukene (dagaa) anasafiri kwa boti usiku kutoka kisiwani, boti inapinduka, anapanda mwamba, mamba anamwinda mpaka asubuhi. Mhusika ni mdogo wangu wa kike, ana miaka 22, ameigiza shuleni na kanisani na ana kipaji kweli. Wenzangu wanasema mtu mmoja hawezi kubeba dakika tisini, kwamba bila mnyama wa kompyuta watu watacheka, na kwamba afadhali niweke papa kwa sababu papa ndiye anayeogopwa. Je, papa anaweza kuwepo ziwani kwetu? Jambo dogo la mwisho: mdogo wangu haogelei vizuri, lakini tunafikiri atavaa jaketi okozi chini ya gauni, tupige picha katikati ya ziwa ili ionekane ya kweli. Nimeambatanisha kurasa mbili za skripti. Naomba usinifiche."*

Ndugu yangu wa Walukuba, nimeisoma barua yako pamoja na zile kurasa mbili. Wazo lako ni zuri na ninataka kuiona filamu hii, kwa hiyo sitakuficha. Lile uliloliita jambo dogo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: mdogo wako asipelekwe katikati ya ziwa. Sababu nitakueleza tukifika kwenye upigaji picha. Kwanza tushughulikie hofu yenyewe, kwamba pengine wenzako wana haki na filamu ya mtu mmoja haiwezekani.

Turekebishe kumbukumbu kidogo. The Shallows ilitoka mwaka 2016, ikaongozwa na Jaume Collet-Serra, na ni kweli kwamba aliyeibeba ni Blake Lively. Lakini haifiki dakika tisini. Tena hayuko peke yake kama unavyokumbuka. Yupo dereva anayempeleka ufukweni, wapo vijana wawili wanaoteleza kwenye mawimbi, yupo mlevi, wapo baba na mdogo wake kwenye simu, na yupo shakwe aliyeumia bawa anayekaa naye pale mwambani. Kila mmoja anakuja kwa muda mfupi, anatuachia kitu cha kumjua huyu dada, kisha anaondoka. Usijitwishe mzigo ambao hata wenye studio hawakujitwisha. Andika dakika sitini au sabini, na mpe mdogo wako watu watatu wanne wa kupita.

Suala la papa ni rahisi. Ziwa Viktoria halina papa, na papa hana njia ya kulifikia. Ipo aina moja, ambayo wengi huiita papa wa Zambezi, ambayo mwili wake unaweza kurekebisha kiasi cha chumvi ndani yake, kwa hiyo hupanda mito na kuishi katika maji yasiyo na chumvi kwa muda mrefu. Amepatikana Zambezi na hata Ziwa Nikaragua. Ziwa letu lakini liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mto pekee unaotoka humo ni Nile. Huko kwenye maporomoko ya Murchison mto mzima unajipenyeza katika mwanya wa mita kama saba na kuanguka zaidi ya mita arobaini, na mbele yake kuna mabwawa mpaka Aswan. Wavuvi wa mwalo wa Masese, hapo Jinja, hawatahitaji takwimu hizi. Ukiwawekea papa watacheka dakika ya kwanza, na kicheko cha dakika ya kwanza hakirudi nyuma. Baki na mamba wako. Huku kwetu mamba amewachukua watu wa kweli, na kila mwalo una familia inayolijua hilo, kwa hiyo mwandike kwa heshima.

Na hapo ndipo skripti yako ina tundu. Umemchukua mamba ukampa tabia za papa. Papa hawezi kupanda mwamba, ndiyo maana mwamba ulimwokoa yule dada wa kwenye filamu. Mamba anapanda. Mwamba uliochomoza majini ndipo hasa anapopenda kuota jua. Papa wa sinema huzunguka pezi likiwa nje, ukamwona anakuja. Mamba wa Nile hatembei hivyo. Hutulia. Hubakiza macho na pua juu ya maji, au huzama kabisa na kukaa chini muda mrefu bila kuhitaji pumzi, kisha hushambulia kwa mara moja pale ukingoni, na akitaka hujirusha juu kwa nguvu ya mkia. Kwa hiyo swali linalomshika mtazamaji linabadilika. Kwenye filamu ya papa mtu hujiuliza: atafika lini? Kwenye filamu ya mamba hujiuliza: bado yupo? Swali la pili ni zuri zaidi kwa mtu asiye na fedha, kwa sababu linajibiwa kwa maji matupu.

Mamba akiweza kupanda, basi mwamba hautufai. Nina pendekezo. Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964, na mabanda mengi ya ufukweni yakamezwa na ziwa. Mpandishe mdogo wako juu ya paa la mabati la banda lililozama. Boti inapinduka, anashika kitu gizani, kumbe ni ukingo wa bati. Paa liko juu kiasi kwamba mamba hafiki kirahisi, lakini upande mmoja umeinama na kila nguzo inapolegea unainama zaidi. Mabati yanateleza usiku na yanachoma mchana. Yanapiga kelele akisogeza hata goti. Na faida kubwa kwako ni hii: paa la namna hiyo unaweza kulijenga juu ya maji ya kiunoni, kamera ikiwa chini karibu na uso wa maji, na mtazamaji akaapa kwamba pale ni kina kirefu.

Kitu kingine ulichokikosa ni saa. Katika filamu ya bahari saa ni maji kujaa: bahari ikijaa, mwamba utafunikwa, na mtazamaji anajua muda uliobaki. Ziwa letu halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Umeandika tu "anasubiri asubuhi", na kusubiri peke yake hakumfungi mtu kwenye benchi la kibanda. Mpe tochi ya betri inayokufa.

Nikueleze kwa nini tochi. Nyuma ya jicho la mamba kuna tabaka linalorudisha mwanga, kwa hiyo ukimmulika usiku macho yake yanawaka mekundu. Wavuvi wanalijua hili vizuri. Sasa fikiri: anawasha tochi, anaona nuru mbili nyekundu mbali, upande wa magugu maji. Anazima ili kutunza betri. Giza. Anahesabu kimya kimya, midomo inacheza. Anawasha tena: nuru mbili, karibu zaidi. Anazima. Mara ya tatu anawasha, mwanga umekuwa hafifu, anapitisha tochi polepole kulia, kushoto, nyuma yake. Hakuna kitu. Hapo ndipo watu watashika viti, kwa kuona maji matupu.

Huhitaji kompyuta kwa hilo. Chukua jerikeni la lita ishirini, lipake rangi nyeusi isiyong'aa, libandike vipande viwili vya karatasi inayorudisha mwanga kama ile ya baiskeli, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kisha lifunge kwa kamba nyembamba ya nyavu na mtu alivute kutoka pembeni. Litie maji ndani ili lizame, libakie na sentimita chache juu. Halitawaka mpaka mwanga wa mdogo wako ulipige, na tochi iwe usawa wa kamera. Kwa hiyo mwanga unaokuja usoni mwa mtazamaji unatoka mkononi mwa mhusika mwenyewe. Yeye ndiye anayemtafuta mamba, na yeye ndiye anayempata. Mwili wa mamba tuonyeshe mara moja tu, karibu na mwisho, kwa sekunde: mgongo, mkia, povu. Wenzako wanaosema watu watacheka wana haki kama utamwonyesha mamba wa plastiki kwa dakika nzima. Usimwonyeshe.

Sasa uigizaji, ambao ndio moyo wa swali lako. Watu hudhani mwigizaji aliye peke yake hubeba filamu kwa kuonyesha hisia nyingi: kulia, kupiga kelele, kuomba Mungu kwa sauti. Ni kinyume. Kilio cha dakika kumi kinachosha hata kama ni cha kweli, kwa sababu mtazamaji hana la kufanya isipokuwa kusikitika. Tunamfuata mtu anayefikiri. Anaona tatizo, anapima, anajaribu, anashindwa, anajifunza kitu, anajaribu tena akiwa na nguvu pungufu. Tukiyaona mawazo yake yakipita usoni, tunaanza kufikiri pamoja naye, na mtu anayefikiri pamoja na mhusika hatoki kwenye kibanda. Hofu inakuja yenyewe pale tunapogundua tatizo kabla yake, au pale anapotuzidi kwa sekunde moja.

Chukua ukurasa wako wa pili. Umeandika anapiga kelele: "Mungu wangu! Simu yangu imezama! Sasa nitampigia nani? Mamba yule ananiangalia!" Maneno yote haya tunaweza kuyaona. Yafute. Anaitoa simu kifuani. Maji yanachuruzika kutoka tundu la chaji. Anaikung'uta, anaifuta kwa kitenge ambacho nacho kimelowa, anatafuta sehemu moja kavu ya nguo yake, haipati, anaishia kuifuta kwenye nywele. Anaipachika kwapani, ndipo penye joto. Anakaa hivyo, mkono umebana, macho yako ziwani. Baada ya muda anaitoa, anabonyeza. Kioo cheusi. Haitupi. Alfajiri tunamwona akiigeuza kulielekea jua ili ipige mwali kwenye boti iliyo mbali. Hakuna neno hata moja, na tumeshamjua kuwa ni mtu wa subira na hatupi kitu.

Yule dada wa kwenye filamu ni mwanafunzi wa udaktari, na ujuzi huo ndio anaoutumia kushona jeraha lake kwa vidani alivyovaa. Mchuuzi wako wa mukene naye ana ujuzi, na sikuuona popote kwenye kurasa zako. Anajua kufunga mafundo. Anajua mukene wakilowa watanuka na harufu itaenda wapi kulingana na upepo. Anajua kwamba mvua za radi za ziwa hili hupiga zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, kwa kuwa usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji yaliyobaki na joto, kwa hiyo akiona umeme upande wa visiwa anajua ana muda gani. Kaa na wanawake wanaoanika mukene Masese. Waulize wangefanya nini, na uandike majibu yao kama walivyoyasema. Ukifanya hivyo, nusu ya matukio yako itakuwa imejiandika.

Anahitaji pia wa kuzungumza naye, lakini si mtu. Pendekezo langu ni kuku. Boti za visiwani husafiri na kuku waliofungwa miguu, kila mtu ameona. Mmoja anaokoka naye juu ya paa. Mwanzoni ni kichekesho, anamgombeza anapomchafua. Halafu anakuwa mlinzi, kwa sababu kuku hunyamaza ghafla kabla ya maji kutikisika. Halafu, saa tisa usiku, mdogo wako anamwangalia kuku, anaangalia kamba, anaangalia maji, na sisi sote tunajua anachofikiri: huyu ni chambo. Hapo hatuhitaji mazungumzo. Uamuzi wake nakuachia wewe, ila uwe na gharama vyovyote atakavyoamua. Na kuku wa kweli asiumizwe kwa ajili ya kamera. Lile la majini lifanywe kwa manyoya na sauti.

Jambo moja la kiufundi linalowaangusha waigizaji wengi wenye kipaji: filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Leo mtapiga mwisho, kesho mwanzo. Mdogo wako akiwa na kiu ya asubuhi kwenye tukio la saa mbili usiku, mtazamaji hatajua kasoro ni nini, lakini ataacha kumwamini. Mfanyieni daftari la mwili. Kwa kila tukio andikeni: kiu iko wapi, sauti imekauka kiasi gani, jeraha la mguu limevimba vipi, mkono upi anautumia, nywele zimelowa au zimekauka, tochi imebaki na mwanga kiasi gani, kuku yuko upande gani wa paa. Alisome kabla ya kila shuti. Mwigizaji wa jukwaani, kama alivyo yeye, hukua pamoja na igizo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapa anaombwa kuruka huku na huku, na daftari ndilo linalomshika. Mwambie pia apunguze. Kanisani alijifunza kufika hadi benchi la nyuma, lakini kamera iko mkono mmoja kutoka usoni kwake. Akipepesa jicho tu tunamwona.

Sasa nije kwenye kitu ambacho vitabu vya filamu vya nje havitakuambia, nacho ni VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa sauti kibandani. Filamu ya namna hii inaishi kwa ukimya, na kibanda chetu kina mtu ambaye kazi yake ni kuujaza ukimya. Vijana wengi wanaotengeneza filamu humwona VJ kama adui. Mimi sikubaliani nao. Watazamaji wetu hawanyamazi hata hivyo. Wanamwambia mhusika "usiende huko", wanamtukana mamba, wanabishana kama kuku aliwe au asiliwe. Kwa hiyo mhusika aliye peke yake kwenye skrini hayuko peke yake kibandani, na ninaamini filamu ya mtu mmoja inafaa kwa utazamaji wetu kuliko filamu nyingi za mazungumzo. Kaa na VJ kabla filamu haijaanza kuzunguka. Mpe safari ya boti na dakika za mwanzo azipambe apendavyo. Kisha mwonyeshe sehemu kama tatu, ikiwemo ile ya tochi, umwombe awaache watu wenyewe waseme. VJ mzuri anajua nguvu ya kunyamaza. Akisikia chumba kimeshika pumzi hataki kuiharibu.

Kwa sababu hiyohiyo usitegemee sauti ndogondogo. Minong'ono itamezwa na jenereta na spika zilizopasuka. Chagua sauti chache zenye nguvu na uzirudie mpaka watu wazijue: bati likikwaruza, swichi ya tochi, kuku, pumzi yake. Pumzi irekodi baadaye, chumbani, mmejifunika blanketi zito, kwa sababu juu ya maji upepo utaiharibu. Kabla hujamaliza kuhariri, omba mwenye kibanda akuruhusu upige dakika tano za sauti hiyo kwenye spika zake wakati hakuna watu, usimame nyuma kabisa, usikilize.

Tufike ziwani. Unataka katikati ya ziwa ili ionekane ya kweli. Hata The Shallows, pamoja na fedha zake, ufukwe wake waliupiga kisiwa cha Lord Howe, Australia, lakini sehemu kubwa ya yale ya majini ilifanyika kwenye tangi la studio huko Queensland, na papa akawekwa kwa kompyuta. Miaka mingi kabla, Jaws ya 1975 ilirekodiwa baharini kwenyewe; ratiba ya siku 55 ikawa siku 159. Maji wazi hayatii ratiba. Boti ya kamera inapelekwa na upepo, mawingu yanabadilika, na kila shuti inarudiwa. Wewe huna siku hizo.

Njia ninayokushauri ni kugawanya kazi. Picha pana za ziwa na boti pigeni siku moja, mchana wa mapema, mkiwa na nahodha mzoefu, na anayeonekana kwa mbali awe mtu anayeogelea vizuri aliyevaa nguo kama za mdogo wako. Paa lijengwe ufukweni kwenye maji ya kiunoni. Matukio ya kuzama na ya uso ndani ya maji yafanyeni kwenye bwawa la kuogelea usiku, mkiwa mmetandika turubai jeusi kwenye ukuta ulio nyuma yake na kulifunga imara lisielee, mkaweka taa moja ya upande mmoja, na mtu akarusha maji kwa beseni. Kamera iwekeni ndani ya tangi la kioo la samaki, nusu yake izame na nusu ibaki nje, mtapata picha ya usawa wa maji bila kifaa cha gharama. Bwawa lina hasara zake: maji yake ni safi mno na yanaakisi ukuta, kwa hiyo fremu zenu ziwe za karibu. Ni hasara ninayoikubali bila kusita.

Sasa usalama, na hapa naomba mdogo wako naye asome. Jaketi okozi hufanya kazi likiwa limefungwa mikanda juu ya nguo. Chini ya gauni hupanda mpaka kidevuni, gauni hulowa na kuvuta, mikono ikabanwa. Halafu jueni kwamba mtu anayezama kweli hapigi kelele wala kupunga mikono kama kwenye sinema. Mdomo unaingia na kutoka majini, hana pumzi ya kuita, mikono inasukuma maji chini. Ni kimya, na ni haraka. Kwa hiyo kama tukio lenu ni la mtu anayezama, watu walio kando hawatatofautisha kuigiza na kuzama. Kubalianeni ishara isiyo kwenye skripti, mfano ngumi juu ya kichwa, na pia sheria ya upande wa pili: mwokoaji akiita jina lake na asijibu kwa ishara, shuti inakatishwa na anatolewa, hata kama ilikuwa nzuri. Mwokoaji huyo awe na kazi hiyo moja tu. Asishike taa, asishike simu.

Lipo jingine ambalo watu wachache hulijua. Hofu huigizwa kwa pumzi. Akihema haraka kwa dakika kadhaa, anatoa kaboni dioksidi nyingi mwilini. Vidole vinamchoma, kichwa kinamzunguka. Sasa, kaboni dioksidi hiyo ndiyo inayomsukuma mtu kupanda juu kuvuta pumzi. Akizamisha kichwa mara tu baada ya kuhema hivyo, oksijeni inaweza kumwishia akazimia chini ya maji bila kusikia haja ya kupumua, hata kama ni muogeleaji hodari. Kwa hiyo tukio la kuhema na tukio la kuzamisha kichwa yasiunganishwe kamwe. Hema, kata, apumzike mpaka pumzi yake iwe ya kawaida kabisa, ndipo mpige lile la pili. Mhariri atayaunganisha.

Kuhusu ufukwe, nendeni kwa viongozi wa mwalo na wavuvi kabla ya kuchimba nguzo hata moja. Wao wanajua mamba wa kweli ameonekana wapi. Mkiambiwa yupo, hameni hapo na wapeni taarifa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Msijaribu kumfukuza wenyewe. Toeni taarifa pia kwa wanaosimamia uvuvi ziwani, maana boti yenye tochi usiku inaweza kudhaniwa ni ya uvuvi haramu.

Maji ya kiunoni yenye majani ndipo pia penye konokono wa kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, zaidi nyakati za jua kali. Kazi ya majini fanyeni nje ya saa hizo inapowezekana, wafanyakazi wavae buti ndefu za mpira, na kila mtu ajifute kwa taulo mara anapotoka, ingawa kujifuta hakuzuii kabisa. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo kumeza siku ya mwisho ya kurekodi hakutoshi. Nendeni nyote kituo cha afya kupimwa wiki sita hadi nane baada ya kumaliza. Anayepata homa, mwasho au kikohozi kabla ya hapo aende mara moja na amwambie daktari kwamba alikuwa ziwani.

Mambo mengine siwezi kuyapima kwa barua. Mpeleke mdogo wako kwa mwalimu wa kuogelea sasa, kabla hujapanga tarehe, na umwambie mwalimu ukweli wote: usiku, nguo zilizolowa, kuigiza hofu. Yeye ndiye aseme kama yuko tayari, wala si wewe wala mimi. Kama ana pumu, kifafa, au amewahi kuzimia, aonane na daktari kwanza. Na kama mmewahi kumpoteza mtu wa karibu majini, au akianza kukosa usingizi wakati wa mazoezi, simamisheni na mtafute mshauri wa kuzungumza naye ana kwa ana. Siku akisema hataki kuingia majini, hamwingizi siku hiyo, na hapewi sababu ya kuona haya mbele ya wenzake.

Ukishaandika upya tukio la tochi na lile la simu, nitumie pamoja na daftari la mwili. Nitayasoma sambamba, na nikiona mahali ambapo mwili na maandishi havikubaliani nitakuwekea alama.